Sheria za adhabu zimetawanyika kila fasi: namna ya kuzikusanya mu kitabu kimoja

Hii naandikia wana-droit wa Lubumbashi, madefansere, ma-avoka wenye wako bado mu staji, na wandugu wa ma-ASBL wenye wanapanda ku gereza ya Kasapa kufuata dosie za watu.

Mutu akikuuliza adhabu ya kuiba iko ngapi, usijibie mbio. Kuko kuiba tu, kuko kuiba ya usiku mu nyumba yenye watu wanalala, kuko kuiba ya kupiga mutu, kuko kuiba ya silaha, na kila moja iko na artikle yake. Na hapo bado una bahati, juu mambo ya kuiba karibu yote yako mu Kode Penali, njo sheria kubwa ya makosa na adhabu. Sasa uliza adhabu ya kuozesha mutoto, ya uzinzi, ya kuchimba madini bila ruhusa, ya kukata pori, ya kusumbua mutu ku intaneti. Kila moja iko mu sheria yake, ya mwaka wake, imebadilishwa na sheria ingine ya nyuma, na ile ya nyuma nayo iko fasi ingine, na mama mwenye mutoto wake alikamatwa jana jioni mu Katuba hana namna ya kujua kama mwana anangojea miezi sita ao miaka kumi.

Kazi yenye nataka tufanye ni hii: kukusanya sheria zote za adhabu za inchi yetu, Kongo (RDC), mu kitabu kimoja, zikiwa vile ziko leo, na baadaye hicho kitabu kiende ku Bunge kiwe kode, maana yake sheria moja yenye imekusanya zote. Ni kazi kubwa, lakini haiko ya wakubwa wa Kinshasa peke yao. Sehemu ya kwanza, ile ya kukusanya, kikundi cha wanafunzi wa droit wenye wana bidii wanaweza kuifanya hapa hapa.

Wengine walishaifanya, tujifunze kwao. Uingereza, upande wa England na Wales, walikuwa na shida kama yetu, tena ni inchi tajiri yenye iko na majuji wenye kusoma sana. Mu 2015 Law Commission yao (komisio yenye inapendekeza namna ya kutengeneza sheria) ilikusanya sheria zote za kutoa adhabu zenye zilikuwa zinatumika, na zikapita kurasa 1,300. Mutaalamu mumoja, Robert Banks, aliangalia kesi 262 za Kur d'Apel yao za mwaka 2012, zenye zilichaguliwa bila kupanga, akakuta 95 kati yao zilikuwa na adhabu yenye haikuwa halali. Ni asilimia 36. Fikiria vizuri: majuji wa kule, na makompyuta yao, na wasaidizi wao, zaidi ya kesi moja ku kila tatu, adhabu ilitoka nje ya sheria, na sababu kubwa ni kwamba sheria zilikuwa zimekuwa pori. Law Commission ikafanya kazi miaka, ikauliza majuji na ma-avoka, ikatoa raporti ya mwisho Novemba 2018, na Sentencing Act, njo kode yao ya adhabu, ikakuwa sheria tarehe 22 Oktoba 2020, ikaanza kutumika tarehe 1 Desemba 2020. Walihesabu inaweza kupunguza garama mpaka pauni milioni 256 mu miaka kumi, juu apeli zinapungua na juji hapotezi masaa akitafuta sheria.

Lakini shikeni tofauti moja kabla hatujaendelea. Kode yao inakusanya namna ya kutoa adhabu, haikukusanya kiwango cha juu cha kila kosa, hicho kimebakia mu sheria ya kosa lenyewe. Sisi shida yetu iko pande zote mbili, na naona ile ya viwango njo inaumiza zaidi mutu wa kawaida. Kwa hiyo kitabu chetu kitakuwa na sehemu mbili: kanuni za jumla, na tablo ya makosa yote na adhabu zake.

Kanuni yenye haivunjwi: usigeuze kitu

Hii naweka mbele juu njo fasi kazi mingi ya namna hii inakufia. Saa utaanza kukusanya utaona mambo ya kukasirisha. Utaona adhabu kubwa kwa kosa dogo, utaona amande (faini) ya feza yenye haiko tena, utaona sheria mbili zinagombana. Mukono utakuwasha kusahihisha. Usisahihishe. Andika vile sheria inasema, na mawazo yako yaweke mu kolone ya mwisho, yenye inaitwa "maoni". Siku utachanganya sheria na mawazo yako, juji hataamini kitabu chako tena, na ma-deputé wataanza kubishana juu ya kila mustari kama vile ni sheria mupya, na hautafika.

Waingereza waliona hii mbele, wakatenganisha. Walifanya kwanza sheria moja ndogo, ya tarehe 8 Juni 2020, yenye ilisafisha tu: kunyoosha maneno, kuondoa mambo yenye haikuendana. Kisha njo wakaleta kode yenyewe, yenye haikubadilisha adhabu ya mutu. Kwa sababu haikubadilisha siasa ya adhabu, ikapita bila vita kubwa. Shikeni hiyo akili.

Kutafuta sheria zenyewe

Anza na orodha ya maandiko, usianze na makosa. Fungua fishie moja, kila sheria mustari moja: jina, namba, tarehe, imebadilishwa na gani, nani ameona kopi yake na ni kopi ya wapi. Hizi hapa hauwezi kukosa:

Dekre ya 30 Januari 1940, njo Kode Penali. Sheria n° 06/018 ya 20 Julai 2006 juu ya maovu ya kingono, yenye ilibadilisha kode, na dada yake n° 06/019 ya siku ile ile yenye ilibadilisha prosedire (ile ya dekre ya 6 Agosti 1959). Sheria n° 05/006 ya 29 Machi 2005 juu ya korupsio, yenye nayo ilibadilisha kode. Sheria n° 11/008 ya 9 Julai 2011 juu ya mateso. Sheria n° 15/022 ya 31 Desemba 2015, yenye iliingiza jenosidi na makosa ya vita mu Kode Penali. Kisha zile za nje ya kode: n° 09/001 ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto, Kode Penali ya askari n° 024/2002 ya 18 Novemba 2002, Kode ya Famii ya 1 Agosti 1987 na mabadiliko yake ya 15 Julai 2016, Kode ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, Kode Forestie ya 29 Agosti 2002, Kode Minie ya 11 Julai 2002 na mabadiliko ya 9 Machi 2018, sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978, sheria ya kulinda viumbe n° 14/003 ya 11 Februari 2014, na Kode ya Nimeriki (ya mambo ya intaneti) ya 13 Machi 2023.

Orodha haiishie hapo. Kila sheria kubwa ya inchi yetu, enda mbio ku kurasa za mwisho: karibu kila mara kuko kipande cha "disposisio penali", na pale adhabu zimejificha. Uzinzi, kwa mufano, wengi wanautafuta mu Kode Penali wanakosa, wanafikiri hakuna adhabu tena. Iko mu Kode ya Famii, artikle 467.

Kopi utapata wapi? Jurnal Ofisiel, gazeti ya Serikali yenye inatangaza sheria, njo ya kweli, ingine yote ni msaada. Leganet, ku intaneti, iko na maandiko mingi na inasaidia sana kwa kuanza, biblioteki ya Fakilte ya Droit ya UNILU (Universite ya Lubumbashi) pia, na ma-avoka wazee wa muji wako na vitabu vyenye hautaona fasi ingine, uwaendee na heshima, "papa, tuko tunafanya kazi hii, tunaomba kupiga foto ya kurasa hizi". Wengi watafurahi. Lakini kila andiko lenye limetoka ku telefone ya mutu, PDF yenye inazunguka mu WhatsApp, weka alama "haijahakikishwa" mupaka ulinganishe na ya Jurnal Ofisiel. Kuko PDF za Kode Penali zenye zinazunguka na hazina mabadiliko ya 2006, na mutu anazisoma kama vile ni za leo.

Tablo

Kila kosa mustari moja. Kolone: jina la kosa, sheria na artikle, adhabu ya chini, adhabu ya juu, amande vile imeandikwa, adhabu zingine, sheria yenye ilibadilisha na tarehe yake, tribinali gani, preskripsio (muda wenye ukipita mashtaka yanakufa), maoni.

Naona mutu anauliza, tribinali na preskripsio zinaingia vipi mu tablo ya adhabu? Zinaingia juu adhabu njo inazitawala zote mbili. Angalia: sheria organike n° 13/011-B ya 11 Aprili 2013, artikle 85, inasema tribinali de pe (tripe, ile ya chini) inahukumu makosa yenye adhabu yake ya juu haipite miaka 5 ya kifungo. Ikipita 5, ao ikiwa ni kifo, artikle 89, unaenda ku TGI (tribinali de grande instanse, ile ya juu yake). Na artikle 24 ya Kode Penali nayo inasema mashtaka yanakufa kisha mwaka moja kama kosa ni la amande tu ao kifungo cha juu hakipite mwaka, kisha miaka 3 kama hakipite miaka 5, na kisha miaka 10 kama kinapita 5 ao ni kifo. Kwa hiyo ukikosea adhabu ya juu, umekosea tribinali, na umekosea kama dosie bado iko na uhai ao ilishakufa. Kuko watu wenye wanakaa ndani juu ya kosa lenye preskripsio yake ilishapita, na hakuna mutu alihesabu. Njo maana nasema kolone ya adhabu ya juu ijazwe na mutu moja, ihakikishwe na mwingine, kila mustari, bila kuruka.

Tujaze pamoja mistari ya kuiba. Kuiba bila nguvu wala vitisho: Kode Penali, artikle 79 inaeleza, artikle 80 inatoa adhabu, kifungo cha juu miaka 5, na amande ao moja tu kati ya hizo mbili. Tribinali de pe, preskripsio miaka 3. Mustari wa pili, artikle 81: kuiba kwa kuvunja, kwa kupanda ukuta, kwa funguo ya uongo, ao usiku mu nyumba yenye watu wanaishi, kifungo kinaweza kupanda mpaka miaka 10. Tayari umetoka ku tripe umeingia TGI, na preskripsio imeruka mpaka miaka 10. Ni telefone ile ile, mutu ni yule yule, lakini alipita dirishani saa saba ya usiku mu Kamalondo, na kila kitu kimebadilika. Mustari wa tatu, artikle 82, kuiba na nguvu ao vitisho: kutoka miaka 5 mpaka 20. Mustari wa ine, artikle 81 bis, kuiba na silaha: kifo. Hii ya mwisho haikuwa mu kode ya 1940, iliingizwa na ordonanse-lwa n° 68-193 ya 3 Mei 1968, na hiyo tarehe lazima ionekane mu kolone yake.

Sasa mustari wenye unanifanya nilale nikiwaza, na naomba muuchunge sana. Kubaka. Kode Penali, artikle 170, vile ilibadilishwa mu 2006: kifungo miaka 5 mpaka 20, na amande yenye haiko chini ya faranga 100,000 za "konstan". Kisha fungua sheria ya mutoto ya 2009, na tena artikle 170, namba ile ile: kubaka mutoto, kifungo miaka 7 mpaka 20, amande faranga 800,000 mpaka 1,000,000. Mutu anaandika mu karatasi "artikle 170" bila kusema ya sheria gani, na hakuna mwenye anajua tena kama miaka ya chini ni 5 ao ni 7. Ukiongeza artikle 171 bis ya Kode Penali, yenye inazidisha mara mbili adhabu ya chini kama kuko mambo ya kuzidisha uzito, vile mutu mwenye alifanya ni mukubwa wa mutoto ao mwalimu wake, unaona namna familia ya mutoto mwenye alibakwa na mutu mwenye anashtakiwa wote wawili wanaweza kutoka pale bila kuelewa hesabu. Mu tablo yetu andika mistari miwili, kila moja na jina kamili la sheria, hata kama inachosha, na mu maoni sema ni sheria mbili zenye zinagusana na ile ya mutoto ni ya pekee. Usichague mu fasi ya juji.

Ya watoto tena: mutoto wa chini ya miaka 18 mwenye alifanya kosa hatiwi mu hizi kolone. Yeye ni tribinali ya watoto, na ile sheria ya 2009 inatoa mezire (hatua za kumulinda na kumurekebisha), haitoi adhabu. Na mwenye hajafikisha miaka 14, sheria inamuona hana daraka la kosa, na hakuna mutu anaweza kuleta ushuhuda wa kupinga hiyo. Weka kurasa yao pekee, mbele kabisa ya tablo, juu kuko watoto wanafika ndani ya gereza ya wakubwa kwa sababu hakuna mutu aliuliza umri.

Amande na feza zenye zilikufa

Hapa nenda polepole. Artikle 80 yenye tumeona, amande yake imeandikwa kutoka 25 mpaka 1,000, na ukisoma vitabu vingi ni zaire. Zaire ya gani? Mu 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Mu 1993 zaire mupya moja ikachukua nafasi ya zaire milioni 3. Mu 1998 faranga ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mupya 100,000. Piga hesabu: faranga moja ya leo ni sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Amande ya zaire 1,000 haiko hata kipande cha faranga chenye macho inaweza kuona, na faranga yenyewe leo haununue nayo hata bonbo.

Kwa hiyo mu tablo unaandika namba na feza vile iko mu andiko, halafu mu kolone ya mabadiliko unaandika kila andiko lenye liligusa kiwango cha amande, na unaacha pale. Usibadilishe mwenyewe ku faranga ya leo, wala ku dola. Mutu mwenye anakuja na hesabu yake anatengeneza amande mupya, na amande mupya ni Bunge tu inaweza kuitengeneza. Sheria za 2006 na za nyuma zilijaribu dawa ya kuandika "faranga konstan", maana yake kiwango kinafuata thamani na hakikufe na feza. Ni dawa nzuri. Lakini zingine zimeandikwa faranga tu, bila konstan, na tofauti hiyo lazima ionekane ku tablo neno kwa neno.

Na kwa familia zenye zitasoma: kama mutu ameshindwa kulipa amande, juji anaweza kuweka kifungo cha kubadilisha ile amande. Iandikwe mu sehemu ya kanuni za jumla, kwa herufi kubwa, juu watu wanashangaa saa mutu wao amemaliza miezi yake na bado hatoki.

Kifo na travo forse

Artikle 5 ya Kode Penali inahesabu adhabu: kifo, travo forse (kazi ya nguvu), kifungo, amande, kunyanganywa vitu, na zile za kukatazwa fasi ao kulazimishwa kukaa fasi. Mu tablo ziandike vile ziko. Lakini mambo mawili yanaomba maoni marefu kidogo.

Kifo: kuanzia 2003 watu walihukumiwa kufa lakini hawakuuawa, na tarehe 13 Machi 2024 Minisiteri ya Haki ikatoa sirkilere (barua ya maagizo) ya kuondoa ule uzuio. Sirkilere haiko sheria, haibadilishe artikle hata moja, kwa hiyo haiingie mu kolone ya sheria. Iko mu maoni, na tarehe yake. Na usisahau artikle 18, yenye inaruhusu juji, akiona kuko mambo ya kupunguza uzito, abadilishe kifo kiwe kifungo cha maisha ao cha muda wenye anaona.

Travo forse: artikle 145, kwa mtu wa serikali mwenye alikula mali ya watu wote, ni mwaka 1 mpaka 20 ya travo forse. Lakini Konstitisio ya 18 Februari 2006, artikle 16, inasema hakuna mutu anaweza kulazimishwa kazi ya nguvu. Ma-avoka wanabishana juu ya hiyo, na wako na haki ya kubishana. Kitabu chetu kinaweka artikle zote mbili pembeni pembeni, msomaji aone, na Bunge ikate siku ya kode. Mimi naona ile adhabu ingetoka, na nitaandika hivyo mu maoni chini ya jina langu, lakini haitoke mu tablo.

Kanuni za jumla

Hizi ziko nyingi mu kitabu cha kwanza cha Kode Penali na si ngumu kukusanya, kwa hiyo siwezi kukaa sana. Kupunguza uzito, makosa mingi kwa mara moja, wenye kushirikiana (artikle 21 mpaka 23), sursi (adhabu yenye inasimamishwa), libere konditioneli (kutoka gereza mbele ya wakati, na masharti). Prosedire weka ile tu yenye inagusa adhabu. Sheria za magereza zilifanywa upya mu 2023, angalia usikopi ile ya 1965 kama vile iko bado inaishi.

Chenye kinaomba akili ni tarehe. Sheria gani inatumika: ya siku ya kosa ao ya siku ya hukumu? Konstitisio, artikle 17, inajibu: hakuna adhabu kali kuliko ile ya siku kosa lilifanywa, na kama sheria ya nyuma imepunguza adhabu, mutu anafaidika, hata kama alishahukumiwa. Nakili hiyo artikle nzima ku kurasa ya kwanza ya kitabu. Kisha, siku kode itaandikwa kweli, mutafanya kama Waingereza: kode yao inashika kila mutu mwenye alitiwa hatiani kuanzia 1 Desemba 2020, hata kama kosa ni la zamani, na vizuizi vya kulinda mutu asipate adhabu nzito kuliko ya siku ya kosa. Kwa hiyo juji wao hatafute tena sheria zao za mwaka 1991 ao 2003 kujua mlango gani wa kupita. Kwetu, wenye tuko na viraka kutoka 1940, hiyo peke yake itaokoa masaa mingi ya odianse.

Kiswahili

Kitabu kikitoka mu Kifaransa peke yake, tumefanya nusu ya kazi. Konstitisio yenyewe, artikle 142, inalazimisha Serikali isambaze kila sheria mu Kifaransa na mu kila moja ya lugha ine za taifa, ndani ya siku 60 kutoka siku imesainiwa. Kiswahili ni moja yao. Mu tablo, ongeza kolone ya Kiswahili, yenye mama wa soko ya komine Kenya anaweza kusoma bila kuita mutu: "kuiba usiku mu nyumba ya watu, mpaka miaka 10". Mufupi, bila kupamba. Patana mapema juu ya maneno: kifungo ni servitide penali, amande ni amande, msibadilishe ku kila kurasa. Na mumoja wenu asome kwa sauti mbele ya watu wenye hawakusoma droit, pale wanakunja uso, andika upya.

Kupeleka ku Bunge, na kuchunga

Artikle 122 ya Konstitisio inaweka makosa na adhabu zake mu mikono ya sheria, maana yake Bunge. Artikle 130 inasema Serikali, kila deputé na kila senatere wako na haki ya kuleta sheria. Kwa hiyo hauko unaomba ruhusa Kinshasa, unatafuta deputé moja wa Haut-Katanga mwenye atakubali kubeba. Mupelekee vitu vitatu: tablo, tablo ya pili yenye inaonyesha kila artikle ya zamani imeenda wapi mu kode mupya, na kila artikle mupya imetoka wapi, na orodha ya maoni pekee yake. Ile tablo ya pili njo inamupa nguvu, juu akisimama mbele ya wenzake anaweza kusema hakuna adhabu imepanda wala kushuka, na kila mutu anaweza kuhakikisha na kidole. Kopi ingine ipelekwe ku Komisio Permanente ya Reforme ya Droit, njo wenye wanachunga mambo hayo ku upande wa Serikali. Na pendekeza sheria mbili: ya kwanza ya kusafisha, ya pili ya kukusanya.

Lakini hata kabla ya Bunge, tablo iko na kazi. Iprintiwe, iwekwe ku biro ya defansere, ku barza ya komine, ku chumba chenye wana-familia wanangojea ku gereza. Hauombe sheria mupya kwa hiyo.

Mwisho ni kuchunga. Waingereza mu 2000 walishafanya kitabu kimoja cha adhabu, na mwaka ule ule Bunge yao ikapitisha sheria ingine yenye ikaanza kukibomoa, mu miaka michache wakarudi mu pori. Safari hii wameomba kila mabadiliko ya adhabu yaingizwe ndani ya kode yenyewe, yasikae nje. Sisi tuchague tangu sasa watu wawili, moja wa UNILU na moja wa baro, wenye kila mwezi wanaangalia Jurnal Ofisiel, na kila sheria mupya yenye iko na disposisio penali inaingia mu tablo pamoja na tarehe. Ku kurasa ya kwanza, chini ya jina la kitabu, kuwe mustari moja: "sheria mpaka tarehe fulani". Kopi yenye haina huo mustari, mutu asiipeleke ku odianse.